Njia ya Wakatekumeni: Namna Vijana Walivyofundishwa Imani katika Inchi ya Ziwa Tanganyika



Siku za jubilei ni siku za kuhesabu. Wengine katika kitabu hiki watahesabu matofali, kengele, makapela na mapadri waliopita hapa, na ni haki wafanye hivyo, kwa maana asiyekumbuka hawezi kushukuru. Mimi nimepewa kusema habari za kitu kisichoonekana kwa macho: namna vijana wa inchi hii ya Ziwa Tanganyika walivyofundishwa imani na kuongozwa kwenye sakramenti, tangu mwanzo hata leo.

Kazi hiyo si ya kusifu tu. Kila mzazi na kila katekista ajua huzuni hii: vijana wanajaza kanisa siku Baba Askofu anapowapaka Krisma, kuna nguo nyeupe, picha na karamu, miezi michache ikipita, viti vyao ni vitupu. Watu wamezoea kusema ya kwamba Kipaimara ni sakramenti ya kuagana na parokia. Neno hilo ni la mzaha, lakini ni mzaha wenye kuuma. Tusiwalaumu vijana haraka. Tutazame kwanza waliotutangulia walifanya nini, na kwa nini walifanya hivyo.

I. Funzo la Kongo ya kale

Kabla ya kufika ziwani kwetu, Injili ilikuwa imekwisha kuingia Kongo kwa upande wa magharibi, karibu na mdomo wa mto mkubwa. Mwaka 1491 mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa pamoja na wakubwa wake, mapadri waliotoka Ureno wakiwa wamefika muda mfupi tu. Mafundisho aliyopata yalikuwa machache, na kuacha wake wengi ilimshinda. Miaka michache ikapita, naye akairudia njia yake ya zamani. Mwana wake Afonso ndiye aliyedumu katika imani na kuiimarisha katika ufalme.

Tangu mwaka 1645 walikuja Mapadri Wakapusini. Walipita kijiji kwa kijiji, wakabatiza watu wengi sana. Padri alifika mahali, alibatiza, akaenda. Pengine watu hawakumwona tena kwa miaka mingi. Ni nani basi aliyebaki na watoto wale? Alibaki mwalimu mlei, mwenyeji wa inchi, ambaye Wareno walimwita "mestre". Ndiye aliyefasiria mahubiri, aliyefundisha sala, aliyekusanya watu siku ya Mungu wakati padri hayuko. Tunaona basi ya kwamba kazi ya katekista katika Kongo ni ya zamani kuliko parokia zetu zote, tena haikuzaliwa kwa sababu ya upungufu wa mapadri tu. Ilizaliwa kwa sababu ubatizo bila mtu wa kuulinda ni kama mbegu iliyotupwa njiani.

II. Miaka minne ya Kardinali Lavigerie

Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe huko Alger mwaka 1868, alikuwa zamani mwalimu wa historia ya Kanisa katika chuo cha Sorbonne, mjini Paris. Alijua vema desturi za wakristu wa karne za kwanza, ambao hawakumbatiza mtu mzima pasipo kumjaribu kwa muda mrefu. Kwa hiyo, alipowatuma wana wake mwaka 1878 kwenda kwenye maziwa makubwa, aliwapa sharti lililowashangaza wengine: mtu asibatizwe kabla ya miaka minne, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa.

Miaka miwili ya kwanza mtu aliitwa postulanti, maana yake mwenye kuomba. Alifundishwa mambo ambayo hata akili ya mwanadamu yaweza kuyafikia: Mungu ni mmoja, ndiye muumba wa vyote, roho ya mtu haifi, mema yana tuzo na mabaya yana hukumu. Miaka miwili iliyofuata aliitwa mkatekumeni, naye akafunguliwa mafumbo yenyewe: Utatu Mtakatifu, Mwana wa Mungu aliyefanyika mtu, Msalaba na Ufufuko, Kanisa na sakramenti. Mwisho wake ulikuwa Ubatizo.

Wengine walisema sharti hilo ni kali. Lakini lilikuwa na hekima mbili. Ya kwanza: mtu alipata nafasi ya kubadili mwenendo wake, si kujibu maswali tu. Mwenye wake wawili, mwenye deni la damu, mwenye kutegemea waganga, alikuwa na muda wa kufungua vifungo vyake kimoja kimoja. Ya pili: aliyeomba alikuwa huru kurudi nyuma. Aliyefika kwenye maji alifika kwa miguu yake mwenyewe.

III. Kutoka uwanja wa misioni kwenda vijijini

Mapadri wa kwanza walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, kisha wakavuka kuja kwenye ukingo wetu wa magharibi. Walianza Massanze mwaka 1880, Kibanga mwaka 1883, na mwaka 1885 wakapokea Mpala kutoka kwa watu wa chama cha mfalme Leopold wa Pili. Zilikuwa nyakati za biashara ya watumwa. Kwa hiyo wanafunzi wengi wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa, ambao ukoo wao ulikuwa umetawanywa au kuuawa. Kapiteni Joubert, aliyekuja Mpala mwaka 1887, alisimama kuwalinda watu wale kwa silaha.

Watoto hao walipata kwa Mapadri chakula, kazi na imani. Tusisahau wema huo. Lakini mtoto asiye na ukoo hana kijiji cha kupelekea habari njema. Imani ilikaa ndani ya uwanja wa misioni kama mche ulio ndani ya chungu: unakua, lakini mizizi yake haijagusa udongo wa inchi.

Waliouhamisha mche huo ni wakatekista. Mwaka 1893 misioni ya Kirungu, iliyoitwa Baudouinville, iliwekwa juu ya milima karibu na Moba, na mwaka 1896 Monsenyeri Victor Roelens alipewa uaskofu kuongoza Kongo ya Juu. Huko Mpala vijana walifundishwa kuwa waalimu wa dini, kisha wakatumwa vijijini, kila mmoja na kapela yake ya nyasi. Katekista aliongoza sala asubuhi na jioni, alifundisha kusoma, alizuru wagonjwa, aliwabatiza waliokuwa karibu kufa. Tena alifanya jambo moja ambalo leo tumelisahau kidogo: Padri alipokuja kuchagua wa kubatizwa, alimwuliza katekista habari za kila mmoja. Je, huyu anaishi vizuri na mke wake? Je, amerudisha mali ya mwenziwe? Anasali wakati hakuna anayemtazama? Katekista alijibu mbele ya watu wote waliomjua mtu yule. Neno lake lilikuwa dhamana.

Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, aliishi mmoja aliyeonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Adrien Atiman alizaliwa upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga wa hospitali huko Malta kwa mapenzi ya Kardinali Lavigerie. Alifika Karema akiwa katekista na mganga, akakaa huko mpaka kufa kwake mwaka 1956. Hakuwa padri. Alikuwa mlei mwenye mke, aliyefundisha kwa mdomo na kwa mikono inayofunga vidonda.

Na upande wetu, kijana wa Watabwa, Stefano Kaoze, aliyesoma Mpala kisha kuendelea katika seminari, alipewa upadri huko Baudouinville tarehe 21 Julai 1917. Ndiye padri wa kwanza wa Kongo yetu ya leo. Yeye pia alianza kwa kukaa chini mbele ya mtu aliyemfundisha ishara ya msalaba.

IV. Katekismu inaingia katika masomo

Mwaka 1906 Kiti Kitakatifu na Dola Huru la Kongo walifanya mapatano: misioni zitapewa ardhi, nazo zitafungua masomo. Mwaka uliotangulia, Papa Pio wa Kumi alikuwa amewaagiza mapadri wa dunia yote wafundishe katekismu kwa bidii, na mwaka 1910 aliamuru watoto wapewe Komunyo ya kwanza wakifikia umri wa kupambanua, ndiyo kusema karibu miaka saba. Kwa mambo hayo pamoja, sura ya mafundisho ilibadilika. Zamani mkatekumeni alikuwa hasa mtu mzima anayechagua. Sasa akawa mtoto anayesoma.

Faida ilikuwa kubwa. Kapela na masomo vilikuwa nyumba moja, na mtoto alijua kusoma pamoja na kusali. Katekismu ya maswali na majibu, kwa luga ya Kiswahili, ilishikwa kwa moyo na watoto wa makabila mbalimbali, hata Mtabwa, Mbembe, Muluba na Muholoholo wakaweza kukiri imani moja kwa maneno mamoja. Wako wanaocheka desturi hiyo ya kukariri. Nawaomba wasicheke. Mama asiyekuwa na kitabu aliweza kumfundisha mtoto wake gizani, moto ukiwa umezimika, kwa sababu majibu yote yalikuwa kifuani mwake.

Lakini palikuwa na hatari, nayo ilikua polepole. Katekismu ilipokuwa somo kati ya masomo, ilipata saa yake, mtihani wake na mwisho wake. Aliyemaliza darasa alidhani amemaliza dini. Mzazi aliyelipa feza ya masomo alidhani amelipa pia deni la kumfundisha mtoto kusali. Na swali la zamani, "Huyu anaishi namna gani?", liliachia nafasi swali lingine, "Huyu amejibu mangapi?"

V. Majaribu

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 yalikuja majaribu yaliyopima kila kitu. Tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, wamisionari 20 wa shirika la Roho Mtakatifu waliuawa siku moja. Mwaka 1964, wakati wa uasi, Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didoné, Frère Vittorio Faccin na Abe Albert Joubert, mtoto wa ukoo wa yule Kapiteni wa Mpala, waliuawa huko Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba. Siku tatu baadaye, huko Isiro, Sista Anuarite Nengapeta alikubali kufa kuliko kuvunja nadhiri yake. Misioni nyingi zilibaki bila padri. Mahali pengi katekista ndiye aliyefungua mlango wa kapela siku ya Mungu, akasoma Neno, akazika wafu, akawaambia watoto wasiogope.

Jaribu la pili halikumwaga damu, lakini liligusa vijana moja kwa moja. Mwaka 1972 serikali ya Raisi Mobutu ilikataza majina ya kikristu na kuvunja vyama vya vijana vya Kanisa, ili vijana wote wawe chini ya chama kimoja cha siasa. Xaveri, Kiro na wengine wakanyamaza. Mwaka 1974 siku ya Noeli iliondolewa katika sikukuu za inchi, na mwisho wa mwaka huo huo serikali ilitangaza kuchukua masomo yote. Somo la dini likafutwa, mahali pake pakawekwa mafundisho ya siasa.

Hapo ndipo tulipoona nyumba yetu imejengwa juu ya nini. Mahali ambapo dini ilikuwa somo la darasani tu, mwalimu alipofuta ubao alifuta vyote. Lakini maaskofu wetu, tangu mkutano wao wa mwaka 1961, walikuwa wamechagua njia ya jumuiya hai za kikristu, zile tunazoziita mashirika. Pale ambapo shirika lilikuwa linaishi kweli, katekismu ilihamia chini ya mwembe, katika uwanja wa nyumba, jioni baada ya kazi. Baba na mama walisikia maswali ya watoto wao, na wengine waliona haya kwa kuwa hawajui kujibu. Haya hiyo ikawaongoza kujifunza. Mwaka 1977, tarehe 26 Februari, serikali na makanisa walitia sahihi mapatano, na masomo yakarudishwa kusimamiwa na makanisa. Tulishukuru. Hata hivyo, wenye hekima walisema: tusirudi kulala pale tulipoamshwa.

VI. Njia ya zamani yafunguliwa tena

Ni jambo la ajabu kwamba wakati huo huo Kanisa lote lilikuwa linarudi kwenye hekima ya kale. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, uliamuru ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, wenye hatua mbalimbali. Na mwaka 1972 Roma ilitoa kitabu cha ibada zake. Uzoefu wa misioni za Afrika, pamoja na ile miaka minne ya Lavigerie, haukuwa mbali na uamuzi huo. Kile kilichoonekana zamani kuwa sharti la wamisionari wa ziwani kimekuwa shule ya Kanisa zima.

Tazameni hatua hizo. Mwenye kuomba hupokelewa mlangoni na kutiwa alama ya msalaba pajini. Baadaye hukabidhiwa Nasadiki na Baba Yetu, si kama karatasi ya mtihani, bali kama urithi unaotoka mkono hata mkono. Katika Kwaresima huombewa ili azikatae zambi na kumkana Shetani. Usiku wa Pasaka hupata sakramenti tatu zinazoshikana kama mafiga matatu: Ubatizo unaomzaa, Kipaimara kinachomtia nguvu, Ekaristia inayomlisha. Ondoeni figa moja, chungu kitamwagika. Anayepokea Kipaimara akaacha Ekaristia ni mtu aliyetiwa nguvu kwa safari, kisha akakaa kitako mlangoni.

Na katika kila hatua yuko msimamizi, anayesema mbele ya Kanisa: namjua huyu, namsimamia. Ndiye aliyerithi dhamana ya katekista wa zamani.

VII. Deni letu

Kwa hiyo, ndugu wapenzi, nikitazama historia hii yote naona jambo moja. Kila mara mafundisho yalipoegemea kitabu peke yake, au jengo peke yake, au mshahara wa mwalimu peke yake, yalitikiswa. Kila mara palipokuwa na mtu anayemjibia kijana mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya, yalisimama hata katika vita. Imani husomwa katika katekismu, lakini hupokelewa kutoka kwa mtu.

Tunao mashahidi. Isidore Bakanja alibatizwa mwaka 1906 huko Mbandaka akiwa kijana mfanyakazi. Miaka mitatu baadaye alipigwa mpaka kufa kwa sababu ya skapulari yake na kwa kuwafundisha wenzake kusali, naye akamsamehe aliyempiga. Anuarite alitangazwa mwenye heri mwaka 1985, Bakanja mwaka 1994, wafiadini wa Baraka na Fizi mwaka 2024 huko Uvira. Mwaka 2025 Kanisa lilimweka pamoja nao Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mtumishi wa ofisi ya kukagua bidhaa mpakani, aliyekataa rushwa ili vyakula vilivyooza visiingie sokoni, akauawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Papa Francis aliwakumbusha habari zake vijana na wakatekista waliokusanyika Kinshasa mwezi wa Februari 2023. Mkimtafuta kijana aliyejibu vizuri swali la amri ya saba, ni huyu. Alijibu kwa damu yake.

Basi naomba mambo machache, kwa heshima yote.

Wazazi, msimtume mtoto kwenye mafundisho kama mnavyomtuma kwenye kisima. Mwulizeni jioni amesikia nini. Mkiwa hamjui jibu, jifunzeni pamoja naye.

Wasimamizi, msichaguliwe kwa sababu ya zawadi mtakayoleta. Mnaposimama nyuma ya kijana na kuweka mkono juu ya bega lake, mnafanya ahadi. Mwaka unaofuata Kipaimara ndio mwaka wenu wa kazi.

Waheshimiwa Mapadri, msikubali tuwafupishie vijana muda kwa sababu familia zina haraka ya sikukuu. Tena mtuulize tena lile swali la zamani, kijana huyu anaishi namna gani, nanyi mngoje jibu letu.

Na sisi wakatekista, Papa Francis alitukumbusha mwaka 2021, alipoiweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa, ya kwamba huduma yetu ni wito. Wito haupimwi kwa posho, ingawa parokia inayomwacha katekista wake alale njaa haijui inachokula yenyewe.

Waliotuletea imani walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakangoja miaka minne kabla ya kummiminia mtu maji kichwani. Hawakuwa na haraka, kwa kuwa walijua wanajenga kwa mawe yaliyo hai. Mungu Baba atujalie sisi uvumilivu huo. Mwana atufundishe kuwatafuta vijana wetu nyumbani mwao. Roho Mtakatifu awashe tena ndani yao moto waliopokea. Na Mama Bikira Maria, aliyemfundisha Yezu kusali, awaombee wote wanaofundisha watoto wa parokia hii. Amina.